Siku Mama Alipoambiwa Ametia Maji

Kwetu Lushoto, kiangazi cha Januari na Februari ng'ombe hutoa maziwa machache lakini mazito. Matete yamepungua, mnyama anakula mabua ya mahindi na majani ya Guatemala yaliyokomaa. Ukiyachemsha maziwa hayo, utando unakaa juu mnene, wa kuchotwa kwa kijiko. Mzee mmoja mwenye mgahawa wa chai alikuwa mteja wa mama kwa ajili ya utando huo.

Masika yakaingia. Majani yakachipua kwa kasi, maziwa yakaongezeka na kupata umanjano kidogo. Mimi niliyapenda zaidi hayo, yalikuwa na utamu mwororo na harufu ya majani mabichi. Mzee hakuyapenda. Asubuhi moja, mbele ya wateja wake, akasema:

"Mama, haya umeyatia maji. Chai haikolei."

Mama hakubishana. Akafunika ndoo. "Mzee wangu, twende yakapimwe."

Tukapanda wote watatu hadi kituo cha kukusanyia maziwa, mama mbele, hageuki nyuma. Kijana wa pale akayakoroga, akayamimina kwenye chombo kirefu cha kupimia, akatumbukiza laktomita, kifaa kinachoelea na kuonyesha maziwa ni mazito kiasi gani kuliko maji. Ikayumba, ikatulia kwenye 30.

"Mama, maziwa yako hayana maji," akasema. Maziwa halisi husoma kati ya 28 na 32 hivi. Ukitia maji sehemu moja katika kumi, kipimo hushuka karibu alama tatu. Kilichopungua ni mafuta. Majani machanga yana nyuzinyuzi chache, na nyuzinyuzi zikichachuka tumboni mwa ng'ombe ndizo zinazosaidia kutengeneza mafuta ya maziwa. Tena mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo yakipungua peke yake laktomita hupanda kidogo, haishuki. Hadi leo naona ni dhuluma kumhukumu mfugaji kwa macho tu.

Mzee akaomba radhi, akanyoosha mkono apokee ndoo. Mama akamjibu kwa heshima kwamba ya leo yanabaki kituoni, akayauza yote palepale.

Baada ya hapo akawa anampa ng'ombe mabua makavu kwanza, ndipo majani mabichi. Mzee alipokuja nyumbani na kopo lake, mama alimpimia kwa bei ileile, akamwambia avumilie utando mwembamba mpaka majani yakomae.