Siku moja maishani mwangu: Noah ya Unguja inakwenda Lubumbashi

Saa 1:00 asubuhi
Nafungua gereji hapa Mwanakwerekwe. Daladala ya kwanza imeshaingia, beringi ya mbele inalia. Saa mbili haijafika, imeshatoka kuwahi abiria.

Saa 2:15
Inaingia Noah, ndani vijana wawili na mama yao. Wanakwenda Lubumbashi, Kongo, kumtazama dada wa mama, aliyeolewa huko zamani. Gari itavushwa kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha ni Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, waikate Zambia mpaka Kasumbalesa, pale mpakani mwa Kongo. Karibu kilomita 2,000, watu saba na mizigo yao.

"Ami, tunataka sevisi tu," ananambia mkubwa. "Oili na filta."

Nikamwambia aipandishe kwanza juu ya shimo. Kabla sijarudi nyumbani kushika spana nilikuwa dereva wa lori la transit, na njia hiyo naijua kona kwa kona. Watu wakipanga safari ya nchi za watu huuliza majambazi, huuliza askari wa mpakani. Breki hawaziulizi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani mwaka 2021, na zaidi ya tisa katika kila kumi walifia kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Ndizo hizo watakazopita.

Saa 3:00
Nipo chini ya gari. Paipu ya breki ya gurudumu la nyuma kushoto imeliwa na kutu. Naipitishia msasa, magamba yananidondokea usoni. Hiyo ni kazi ya chumvi ya bahari, na gari zetu zote zinayo. Nikafungua kikopo cha mafuta ya breki: meusi kama kahawa.

Hapo nikawaita vijana wote wawili waje waone. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewani, na hewa ya kisiwani imejaa maji. Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki mpaka yafike nyuzi 205 au zaidi. Yakishalewa maji, nyuzi 140 zinatosha kuyachemsha. Hapa kwetu hutaijua kasoro hiyo. Unguja ni tambarare, kilima chake kirefu kabisa hakifiki mita 150, na gari inaweza kuishi hapa miaka na breki za namna hiyo isikuudhi hata siku moja. Itoe Mbeya uiteremshe kwenda Mbalizi na mzigo, au uishushe mlima wa Kitonga wakati wa kurudi, mguu umeganda kwenye breki. Diski zinapata moto, mafuta yanachemka, mapovu yanajaa kwenye paipu, pedali inazama mpaka chini na gari haisimami. Nimeshapishana na malori yanateremka huku magurudumu yanafuka moshi, na dereva sura imembadilika.

Saa 5:00
Matairi. Meno bado marefu, lakini ubavuni pana tarakimu nne: 1114. Yaani yametengenezwa wiki ya 11 ya mwaka 2014. Nikaupinda mpira kwa kidole, nyufa nyembamba zikajionyesha kwenye mifereji. Mdogo akabisha kuhusu bei. Mama yake akamkata: "Badilisha yote, fundi."

Saa 7:00
Sala ya adhuhuri, kisha wali na mchuzi wa pweza.

Saa 8:00
Tumekaa kwenye benchi na bi mkubwa na wanawe. Niliwaambia la kwanza: magharibi ikiwakuta njiani, tafuteni gesti. Lori likiharibika huko hubaki palepale kwenye lami, mara nyingi bila taa, na dereva hukata matawi ya miti akayatandika nyuma yake. Mchana ukiona matawi barabarani, punguza mwendo papo hapo. Usiku taa zako zinayaonyesha umeshafika. Na Mikumi barabara inapita katikati ya hifadhi. Tembo na nyati huvuka wanapotaka wao.

Tukaja Kasumbalesa. Zambia wanaendesha kushoto kama sisi, Kongo ni kulia. Usukani wetu uko upande wa kulia, kwa hiyo ukiwa nyuma ya lori humwoni anayekuja mpaka gari yako yote imeshatoka nje. Nikawasihi: huko malori msiyapite, vumilieni nyuma yake. Na hatari khasa haipo kwenye msongamano, maana humo unawafuata wenzako. Ipo asubuhi mkitoka gesti, au mkitoka kutia mafuta na barabara ni tupu. Mkono unarudi kushoto wenyewe.

"Sasa nani atamkumbusha dereva?" akauliza mama.

"Wewe, bi mkubwa. Kila gari ikiondoka, sema 'kulia', hata wakikasirika."

Bima ya gari ya kuvukia mipaka, ile kadi ya njano ya COMESA, na vyeti vya homa ya manjano walikuwa wameshavishughulikia, alhamdulillah.

Saa 10:30
Paipu mpya imefungwa, DOT 4 imeingia, hewa imetolewa. Tukaenda Masingini. Kwenye mteremko nikamwambia mkubwa avute gia kutoka D aiweke kwenye 2. "Hiyo ni ya nini, ami?" Gari anayo miaka na hajawahi kuigusa. Ikavuta, injini ikanguruma, gari ikajizuia yenyewe mguu wake ukiwa juu ya breki bila kukanyaga. Tukapanda tukashuka mpaka akazoea, kisha akakaa mdogo wake.

Saa 12:00 jioni
Mdogo alikuwa amepanga watoke Dar mpaka Tunduma kwa siku moja. Nimekataa katakata, siku ya kwanza walale Iringa, ya pili Mbeya, na wabadilishane usukani. Mkubwa ameandika nyuma ya risiti yangu. Matairi yanaletwa kesho asubuhi, na meli yao ni jioni. Nimemwambia mama yakichelewa waiache meli hiyo, naye amekubali.