Matundu manane, ndimi nane

Saa 12:30 asubuhi. Nafungua mlango wa karakana na madirisha yote, kisha naloweka mawe ya kunolea. Siku nyingine za juma nina kazi nyingine, lakini Jumamosi ni ya mbao. Leo naunda fremu ya kigoda: miguu minne, mbao nne za kuifunga, viungo vinane vya ulimi na tundu, yaani ncha ya mbao moja iliyochongwa huingia ndani ya tundu la nyingine. Msumari hautaingia hata mmoja.

Naanza na patasi ya milimita 12 na bapa la randa. Jiwe la namba 1000, lenye chembe kubwa zaidi, kwanza, mpaka kidole kihisi ukingo mwembamba wa chuma umejikunja upande wa nyuma, halafu la 6000, lenye chembe laini, kuuondoa. Kisha nakata kichwa cha kipande cha msonobari. Mbao laini ndiyo hakimu: patasi butu huiponda, kali huiacha inang'aa. Anayeanza ufundi huu akiniuliza anunue nini, namwambia mawe kabla ya mashine.

Saa 2:00. Randa. Natazama nyuzi za mbao zinaelekea upande gani, maana ukizikabili kinyume randa inang'oa vipande badala ya kulainisha. Maranda yanajaa miguuni.

Saa 3:30. Kuchora, na hapa sikubali kuharakishwa. Mstari wa penseli una unene wake. Kisu hukata nyuzi na kuacha mfereji mwembamba ambamo patasi inakaa yenyewe. Geji, kifaa cha kuchora mstari sambamba na ukingo wa mbao, naiweka mara moja tu kwa matundu yote. Ikikosea nusu milimita, inakosea sawasawa kote, na fremu bado itafungana. Ulimi nauchukulia theluthi ya unene: mbao ya milimita 36, ulimi 12, ndiyo maana nilinoa patasi ile. Kila kiungo nakiandikia herufi, ulimi na tundu lake.

Saa 5:00 mpaka saa 8:00. Kutoboa. Naanzia katikati ya tundu, naacha milimita mbili kila mwisho za kuegemeza patasi ninapochokoa vipande, na mwisho kabisa ndipo nasafisha mpaka kwenye mstari. Sikio linajifunza: nyundo ya mbao hulia tofauti patasi inapofika kina. Kwenye kila mguu matundu mawili yanakutana ndani, kwa hiyo ncha za ndimi lazima zikatwe kwa pembe ya digrii 45 zisigombane. Kazi hii ningeweza kuifanya kwa mashine kwa muda mfupi zaidi. Naipenda hivi.

Saa 8:30. Ndimi. Msumeno unapita nje ya mstari, patasi inamalizia. Ulimi wa tano umegoma. Nimeupunguza unyoya kwa unyoya, nikijaribu kila mara, mpaka ukaingia kwa nguvu ya mkono na kugongwa kidogo mwishoni. Mwaka jana niliulazimisha mmoja kwa nyundo, mguu ukapasuka kwa urefu wake wote.

Saa 10:30 jioni. Naunganisha kwanza bila gundi, kwa sababu gundi nyeupe ikishapakwa inatoa dakika chache tu. Kisha gundi, kisha klampu. Napima ulalo wa kwanza kutoka pembe hadi pembe, kisha wa pili: tofauti milimita 3. Fremu imepinda. Nasogeza klampu ikae mshazari kidogo kuelekea ulalo mrefu, nakaza, napima tena. Sawa. Haitaguswa mpaka kesho jioni.

Saa 12:00 jioni. Ubao wa kukalia naupaka mafuta ya kitani pande zote mbili, ili unyevu uingie na kutoka kwa usawa. Utafungwa kwa skrubu kwenye matundu marefu kidogo, kwani mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana wake, na ikibanwa itapasuka. Vitambaa vya mafuta sivikunji kamwe: vikirundikwa hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka. Navitandaza kimoja kimoja kwenye waya nje, nafagia maranda, nafunga mlango.