Jinsi nilivyogeuza oda za Firestore kuwa objekti za Dart

Katika programu ya duka niliyoiandika kwa Flutter, zana ya kutengeneza programu kwa lugha ya Dart, kila oda iliyohifadhiwa Firestore, hifadhidata ya mtandaoni ya Google, ilibeba ndani yake orodha ya bidhaa, zenye jina, idadi na bei. Jina la mteja lilisomeka bila tatizo, lakini programu ilikwama ilipofika kwenye bidhaa, ikilalamika kwamba List<dynamic> (orodha ya vitu vya aina yoyote) si aina ya List<Bidhaa> (orodha ya Bidhaa tu).

Sababu ni kwamba Firestore hairejeshi objekti zetu, yaani vitu vya aina tulizozitunga wenyewe kama Bidhaa. Hurejesha ramani za funguo na thamani, hata zile zilizo ndani ya orodha, na Dart haizigeuzi yenyewe. Kwa hiyo niliipa klasi (kiolezo cha objekti) ya Bidhaa kijenzi chake, kutokaRamani, kinachounda objekti kutoka kwenye ramani, kisha katika kijenzi cha Oda nikaandika (data ni ramani ya oda):

bidhaa: (data['bidhaa'] as List? ?? []).map((b) => Bidhaa.kutokaRamani(b as Map<String, dynamic>)).toList()

Alama za ?? [], zinazoweka orodha tupu pasipo na thamani, huziokoa oda za zamani zisizo na bidhaa. Bei ndiyo iliyohitaji uangalifu zaidi: 1500 hurudi kama int (namba nzima), ilhali 1500.5 hurudi kama double (namba yenye desimali), hivyo kulazimisha double huiangusha programu kwa bidhaa moja na kuipitisha nyingine, jambo linalochosha kulifuatilia. Andiko la (b['bei'] as num).toDouble() hupokea zote mbili, kwa kuwa num hujumuisha int na double. Tarehe, inayokuja kama Timestamp (aina ya Firestore ya kuhifadhi wakati), ilihitaji toDate() tu ili iwe tarehe ya Dart.