Nipigieni Honi Tu, Sivuki

Kila asubuhi nikitoka soko la Marikiti na pikapu ya mboga, nikifika kivuko cha reli pale Mutindwa, Nairobi, natukanwa. Nimezoea. Nasimama kabla ya reli na matatu za nyuma zinapiga honi utadhani zinasindikiza bibi harusi. Sivuki mpaka nione ng'ambo pamepatikana nafasi ya pikapu nzima na mkokoteni juu yake.

Zamani nilifuata ushauri wa dereva mmoja mkongwe: "Mwangalie wa mbele. Akipita, na wewe pita." Ushauri huo nusura unizike.

Siku hiyo wa mbele alikuwa lori la mchanga. Likavuka, likasimama, nami nikabaki magurudumu ya mbele yako ng'ambo, ya nyuma yako ndani ya reli. Nyuma matatu imenibana. Kwa kiherehere nikaachia klachi vibaya, injini ikazima. Kutupa jicho kando, namwona mama wa nyanya anakunja turubai. Pale watu huuza mpaka ukingoni mwa reli, na mama yule hakunji turubai kwa sababu ya mvua. Tena hana haraka, anakunja kama leso ya kwenda harusini.

"Mjomba, tushuke!" mpwa wangu akaniambia, naye alikuwa ameshashuka. Alinishinda akili. Gari likizima relini, watu kwanza, sukumawiki baadaye. Treni haina pa kukwepea, na dereva wake hata akifunga breki zote, itaendelea mamia ya mita kabla ya kusimama. Mimi nikang'ang'ania usukani, na kwa hilo msiniige.

Lori likasogea kidogo. Nikatia gia ya kwanza, klachi sikuigusa, nikazungusha ufunguo. Starta yenyewe ikaivuta pikapu, ka-ka-ka, ikirukaruka kama chura mpaka tairi za nyuma zikashuka relini. Treni ikapita nyuma yangu; honi yake niliisikia kwenye meno. Ujanja huo alinifundisha fundi mmoja wa magari wa Grogan. Ni wa gari la gia za mkono, tena la zamani, maana mengi ya siku hizi hayawaki bila klachi kukanyagwa. Mwenye otomatiki ateremke akimbie. Betri yangu ilikufa wiki hiyo hiyo, ikanila elfu saba, nane hivi.

Kuna wanaosema kosa ni la serikali, iweke vizuizi. Iweke, nani amekataa? Reli mpya ya SGR ya 2017 ilijengewa madaraja, hii yetu ya mkoloni tumeachiwa macho. Lakini Oktoba 2013 hapo hapo Mutindwa treni iligonga basi, wakafa watu zaidi ya kumi. Mguu wa kukanyaga breki ni wa dereva.

Sasa nikikaribia nazima redio, nashusha vioo vyote, navuka kwa gia moja bila kubadilisha. Kwa muda nilimtegemea mama wa nyanya peke yake, mpaka siku alipokwenda matangani na treni ikaja bila turubai kukunjwa.

Juzi makanga alikuja kunigongea mlango. "Mzee, imezima?" Nikamwonyesha mama, turubai liko mkononi. Akarudi kwenye matatu yake bila neno.