Orodha tupu ilivyonisumbua kila asubuhi

Programu ya oda niliyomwandikia shangazi yangu, anayeuza vitenge kwa jumla Kariakoo, ilikuwa ikienda vizuri mchana kutwa. Ilikuwa inagoma asubuhi tu. Saa moja na nusu, simu inaita: "Mwanangu, kompyuta imegoma tena."

"Shikamoo shangazi. Hebu nisomee hayo maandishi mekundu."

Akanisomea herufi moja moja, huku nikisikia makuli wakipiga kelele nje ya duka, mpaka tukafika hapa: `Index 0 out of bounds for length 0`, yaani programu imeomba kitu cha namba 0 kwenye orodha isiyo na kitu. Hapo nikaelewa. Nilikuwa nimeandika `oda.get(0)` ili dirisha lifunguke na oda ya kwanza, maana hapa hesabu huanza na 0. Kila nilipojaribu programu nyumbani Sinza nilikuwa na oda tatu za mfano, lakini dukani asubuhi hakuna hata moja.

Dawa yenyewe ni fupi: kabla ya kuchukua chochote, uliza kwanza `if (oda.isEmpty())`. `ArrayList`, aina ya orodha katika lugha ya programu ya Java, hujibu `true` (ndiyo) pale idadi ya vitu vyake inapokuwa sifuri. `oda.size() == 0` nayo inatoa jibu hilohilo, wala haichelewi. Napenda `isEmpty()` kwa sababu inasomeka kama swali lenyewe. Tena kuna aina nyingine, kama foleni ya `ConcurrentLinkedQueue`, ambazo `size()` yake hupita ikihesabu kimoja kimoja.

Kitu kimoja kilinichanganya. Orodha nilikuwa nimeiunda kwa `new ArrayList<>(50)`, nikadhani ina vitu 50. Kumbe hiyo 50 ni nafasi tu. Shangazi akipigilia rafu hamsini bila kuweka jora hata moja, duka bado ni tupu, na `isEmpty()` inasema hivyohivyo.

Nikarekebisha, siku mbili zikapita salama. Jumatatu simu ikaita tena, safari hii `NullPointerException`. Faili la siku hiyo lilikuwa halijaundwa, na metodi yangu ya kusoma oda (kile kipande cha programu kinacholeta orodha) ikarudisha `null`, yaani hakuna kitu. Hapo hakuna orodha kabisa, sasa utaiuliza nani kama ni tupu? Nilianza kubandika `oda == null || oda.isEmpty()` kila mahali; hiyo `||` ni "au". Mpangilio huo ni lazima: Java huanza kushoto, na ikishakuta ni `null` haiendelei kulia. Ukiugeuza, programu inaanguka palepale.

Nilipofika mahali pa tisa nikaacha. Nikaenda kwenye metodi yenyewe nikaiambia irudishe `new ArrayList<>()` kama siku haina faili. Mstari mmoja, na yale maswali ya `null` niliyobandika nikayafuta yote. Naamini hapo ndipo pa kuanzia: anayetoa orodha atoe orodha, hata kama haina kitu.

Limebaki moja. Oda iliyofutwa nilikuwa naiwekea `null` mahali pake badala ya kuiondoa kwa `remove`. Mteja akifuta oda pekee ya siku, orodha bado inahesabu kitu kimoja, na `isEmpty()` inasema `false` (hapana). Hilo niliwahi kuliona mwenyewe kabla shangazi hajalikuta.

Jumatano hakupiga, nikampigia mimi.

"Marahaba mwanangu. Imefunguka. Imeandika bado hakuna oda, na kweli bado."