Picha haichezi: nilivyoanza kupata mishono yangu mwenyewe

Ukiwa fundi cherehani Arusha siku hizi, mteja haji na wazo, anakuja na simu. Anafungua Instagram, anakuonyesha dada wa Lagos au Accra kasimama kwenye ngazi za hoteli, kiuno kimekazwa, mikono imetuna kama puto, kisha anakwambia, "Fundi, nataka hivi hivi." Nimeshona "hivi hivi" nyingi mno. Sizibezi, maana ndizo zilizolipa kodi ya fremu yangu hapa Ngarenaro. Ila ilifika mahali nikishika mkasi naona kioo cha simu tu. Mtu akiniuliza mshono wangu mimi ni upi, nabaki kucheka.

Mambo yalianza kubadilika kwenye sendofu moja. Nilialikwa kwa kuwa sare za kamati nilishona mimi: kitenge, gauni la kubana mpaka chini ya goti, lilivyokuwa kwenye picha. Wakati wa kuingiza zawadi, MC akawaita kina mama, DJ akawapigia singeli. Basi nikaacha kutazama sura zao, nikawa natazama makwapa na magoti. Kila aliyenyanyua mikono, gauni lote lilipanda naye, mshono wa kiuno ukahamia kwenye mbavu. Waliotaka kukata kiuno walilazimika kushika pindo kwa mikono miwili na kulivuta juu. Hakuna nguo iliyochanika, na wenyewe waliniambia wamependeza. Na kweli walipendeza, wakiwa wamesimama.

Nikaanza kuwatazama watu wanapocheza kama wengine wanavyotazama mpira. Pa kwanza palikuwa jirani tu, mazoezi ya kwaya jioni. Wanakwaya wetu hawasimami wima: mguu kulia, mguu kushoto, mikono juu, geuka. Nikanunua daftari la shule, na kila nguo iliyonivutia nikaandika mambo mawili tu: inakunjika wapi, inavutika wapi. Sichori vizuri, kwa hiyo kurasa zimejaa vijiti vyenye mishale. Ila mishale hiyo imenifaa kuliko picha zote nilizowahi kutumiwa.

Ngoma za Kimasai nimekua nikiziona hadi nikaacha kuziona. Mwaka huo nilizitazama upya. Vijana wanaporuka, lubega linapanda nao na kushuka nao, halikwami popote, kwa sababu halina mkono wala mshono wa kwapa. Limefungwa begani, basi. Kina mama nao hawaruki juu hivyo. Wanasukuma mabega, na ule ushanga mpana wa shingoni unapiga kifuani kwa mapigo ya wimbo. Pale nguo inacheza pamoja na mwenye nguo. Nilirudi dukani nikakata kola ya tabaka tatu, nikaishona kwenye mzunguko wa shingo tu, upande wa nje nikauacha huru. Ukitikisa bega, nayo inaitika. Ndio mshono wangu wa kwanza ambao sikuutoa kwenye simu ya mtu.

Filamu zilinisaidia kwa namna ambayo mume wangu anaiona ya ajabu: nazima sauti. Ukisikia maneno unafuata hadithi. Ukizima unabaki na nguo na miili. Ile filamu ya Marekani ya mwaka 2018, Black Panther, niliitazama hivyo. Mbunifu wake wa mavazi, Ruth E. Carter, alichota kwenye mavazi ya makabila mengi ya Afrika, na kwa wale askari wa kike wenye mavazi mekundu alichukua ushanga wa Kimasai. Mwaka 2019 akapata Oscar kwa kazi hiyo, mtu mweusi wa kwanza kuipata kwa ubunifu wa mavazi. Nilijisikia vibaya kidogo, nisiseme uongo. Mtu wa Marekani kaona thamani ya kitu ambacho mimi nakipita kila siku nikienda kununua uzi.

Kwa hiyo nikaenda kukaa na mama mmoja anayeuza shanga jirani na mnara wa saa. Nilimwamkia, nikanunua bangili ili nisiwe wa kupoteza muda wake, nikamwomba nitazame. Mkufu aliokuwa akiutunga ulikuwa na nyekundu, bluu na rangi ya machungwa, lakini kila alipotaka kuhama rangi moja kwenda nyingine alipitisha mstari mwembamba wa nyeupe. Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu, "Bila nyeupe zitagombana." Tangu siku hiyo nikiunganisha vitenge viwili vyenye maua makubwa napitisha upapi mweupe katikati. Wateja wanasema vinatulia.

Muziki sasa. Arusha ni mji wa hip hop, Joh Makini na wenzake wa Weusi wametokea huku kwetu, na kijana wa fremu ya pili anazipiga kuanzia asubuhi. Kwa mishono ya kunyoosha hip hop inafaa, mguu unakanyaga pedeli bila kuchoka. Singeli naiweka nikipiga oveloki. Kukata ni kazi nyingine, kwa kukata nataka dansi la zamani. Baba yangu alinifundisha kuwapenda ndugu wa Kinyonga, watu wa Tanga waliopita hapa mjini na bendi yao ya Arusha Jazz kabla ya kuvuka kwenda Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuunda Simba Wanyika. Nyimbo za aina ile zinaanza polepole, mwimbaji anakusimulia mambo yake kwa upole, halafu magitaa yanashika usukani, chemko linaanza, na hakuna anayebaki kwenye kiti.

Siku moja nikiwa na kitenge mezani nikajiuliza, kwa nini gauni lisiwe na chemko lake? Yaani mtu akiingia ukumbini liwe limetulia, limembana kwa heshima zote, na muziki ukikolea lifunguke. Kitenge ni pamba, hakivutiki, kwa hiyo nafasi lazima uikate mwenyewe. Nikatia rinda la kukutanisha nyuma, linaanzia kiganja kimoja juu ya goti, na ndani yake kitambaa cha rangi nyingine. Ukisimama halionekani. Ukikata kiuno linaachia na ile rangi inachungulia. Pale juu rinda linapoanzia ndipo panapochanika haraka, kwa hiyo naweka kipande cha ziada kwa ndani na kupitisha cherehani mara mbili.

Kwapa ndilo lililonisumbua zaidi. Nilienda Kilombero kwenye mitumba, nikanunua makoti na magauni yaliyochoka ya bei ya chini kabisa, nikayafumua mshono kwa mshono kuona mafundi wa huko walifanyaje. Jibu lenyewe lilitoka kwa mzee anayeshona kanzu. "Shikamoo mzee," nikamweleza shida yangu. Akanyanyua kanzu, akanionyesha kikwapa, kile kipande kidogo cha pembe nne kinachokaa chini ya mkono. "Mwanangu, mkono ukipanda unatafuta kitambaa. Usipomwekea hapa ataenda kuchukua kiunoni." Ndicho nilichokiona kwenye sendofu, sikujua tu jinsi ya kukisema. Sasa nakikata kwa mshazari ili kivutike kidogo, na pembe zake naanza kuzitia alama kwa chaki kabla ya kugusa cherehani, maana pembe ikikosewa kwapa lote linakunjamana. Kinakula muda. Nauli ya muda huo naiweka kwenye bei na simwombi mtu radhi.

Sijaacha kushona picha. Mwezi wa Desemba, watu wakirudi makwao kwa harusi na vipaimara, "hivi hivi" ndizo zinazonilisha. Ila sasa nikipokea picha nina maswali, na mengine yanawachekesha wateja. Juzi alikuja mwenyekiti wa kamati, mama wa heshima zake, na picha ya gauni lenye mikono ya kubana.

"Mama, siku hiyo mtaingia na wimbo gani?"

"Wimbo? Fundi, mimi nimeleta kitambaa."

"Najua mama. Naomba tu uninyanyulie mikono kidogo, kama unaingiza zawadi."

Alitazama nje kuona kama kuna mtu, akavua viatu, nami nikamwambia kijana wa fremu ya pili aongeze sauti.