Siku yangu moja ya Machi, nikipima joto la bahari Unguja

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Nikimaliza kusali, kabla hata ya chai, nafungua kompyuta. Ramani ya joto la uso wa bahari ya Coral Reef Watch, kitengo cha Marekani kinachofuatilia matumbawe kwa setilaiti, hutoka kila siku ikiwa imegawanywa katika vyumba vya upana wa kilomita 5. Naitafuta Unguja. Juzi maji ya upande wa mjini yalikuwa na rangi ya manjano, maana yake kaa macho. Leo yamegeuka rangi ya chungwa: onyo.

Ramani hii hujengwa kwa vipimo vya usiku. Mchana, jua likiwa kali na upepo umetulia, tabaka jembamba la juu hupata moto peke yake, na setilaiti inaona tabaka hilo tu. Usiku maji huchanganyika na namba inasogea karibu na yale matumbawe yanayoyapata kweli.

Hesabu yake inafanana na daftari la mkopo dukani. Kila mahali pana wastani wa mwezi wake wenye joto kuliko yote. Maji yakipita wastani huo kwa nyuzi 1 au zaidi, ziada inaandikwa. Nyuzi moja na nusu kwa wiki mbili, deni ni 3. Likifika 4, tunategemea kuona matumbawe yakipauka. Likifika 8, yanapauka eneo kubwa na mengi hufa. Daftari linashika wiki 12, ya nyuma yanafutika. Sisi asubuhi hii tuna 2 na kitu, na Aprili bado haijaingia.

Saa moja na nusu asubuhi

Malindi, kwenye boti.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba, mwanangu. Kaskazi imekata leo siku ya sita."

Yeye anahesabu upepo, mimi nahesabu nyuzi, na mara nyingi yeye ndiye anayetangulia kujua. Kaskazi ikivuma hukoroga maji, ya juu yakachanganyika na ya chini yenye ubaridi, na mvuke unaondoka na joto. Ikikata kabla kusi haijasimama, bahari inabaki imelala chini ya jua kama maji ya beseni uani. Ndiyo maana Machi na Aprili ndiyo miezi ninayoihofia.

Watafiti wa bahari nao wana kipimo chao cha kuita kitu wimbi la joto: siku 5 mfululizo au zaidi, joto likipita kiwango ambacho kwa kipindi hicho cha mwaka, ukiangalia miaka 30, siku 9 kati ya 10 hazikukivuka. Kwa hiyo hata Agosti panaweza kuwa na wimbi la joto na muogaji akaona maji ya baridi.

Saa nne asubuhi

Bamvua, maji yamekupwa. Tuko pembeni ya kisiwa cha Bawe, na mwamba ninaoufuata uko mita nne tu chini yangu. Kipimajoto changu, kidogo kama kiberiti, kimefungwa kwenye chuma kilichopigiliwa kwenye jiwe, kimeota uchafu mpaka mgeni asingekijua. Nakata kamba ya plastiki, nakitia mfukoni, nafunga kingine mahali pale pale.

Kisha nazunguka na kadi ya rangi, nalinganisha. Matumbawe ya matawi yameanza, ncha zake zimefifia, mengine yamekuwa na rangi ya zambarau inayong'aa isiyo ya kawaida. Mtalii angesema ni mazuri. Mimi rangi ile inanikaa moyoni siku nzima. Ndani ya nyama ya tumbawe huishi mimea midogo mno inayolipa rangi na sehemu kubwa ya chakula chake. Joto likizidi, tumbawe huitema. Likiwa jeupe bado lina uhai, lina njaa tu. Maji yakipoa ndani ya wiki chache linaweza kuipokea tena. Yale makubwa ya mviringo, ya umri mkubwa kuliko nahodha, bado ni ya kahawia. Nimeyagusa kwa macho tu, nikapanda juu.

Saa saba mchana

Ofisini. Nakisugua kipimajoto kwa mswaki wa zamani, kisha nakitumbukiza kwenye ndoo ya maji na barafu iliyopondwa. Kikisoma sifuri, au karibu nayo kabisa, naamini namba kilizoandika chini ya maji. Hatua hii siiruki hata njaa ikiniuma vipi. Kipimo kila nusu saa kwa siku 60 ni namba 2,880, na zote hazina thamani kama chombo kinadanganya.

Kosa langu kubwa katika kazi hii halikuwa la chombo. Mwaka wangu wa kwanza nilikiwekea kipimajoto saa kwa mazoea ya nyumbani: ilikuwa saa tatu asubuhi, nikaandika 3:00 badala ya 9:00. Miezi miwili baadaye mchoro ulionyesha maji yanafikia kilele cha joto asubuhi mapema na kupoa alasiri. Nilitumia siku mbili kutafuta mkondo wa ajabu kabla sijatambua kwamba nimezichelewesha saa sita namba zote. Zilirekebishika, lakini tayari nilikuwa nimempa mtu mchoro ule.

Namba za chini ya maji na za setilaiti zinakwenda pamoja, isipokuwa wiki iliyopita, ambapo mwamba ulikuwa na moto zaidi kwa siku tatu. Setilaiti haioni kila kona ya chumba cha kilomita 5.

Saa kumi alasiri

Narekodi ujumbe wa sauti kwa manahodha wa boti za watalii na wakulima wa mwani: joto linapanda; manahodha, fungeni kwenye maboya, msitupe nanga juu ya mwamba, waambieni wageni wasisimame kwenye matumbawe.

Mama mmoja wa Paje, mkulima wa mwani, ananijibu kabla sijaweka simu chini. "Mwanangu, kila mwaka mnatwambia joto linakuja. Sisi tufanye nini?"

Ana haki ya kuuliza. Kotoni, mwani wenye bei nzuri, haustahimili maji moto ya pwani yenye kina kifupi: ncha zinageuka nyeupe, zinalainika, zinakatika. Spinosamu unavumilia zaidi lakini bei yake ni ndogo. Kuhamia maji ya kina kunataka boti na kujua kuogelea, na wengi wao hawakufundishwa. Nilimwambia avune mapema kamba zilizo karibu na ufukwe, bamvua hii hii, asisubiri ijayo. Aliposema "haya" nilisikia kwamba amechoka.

Mwaka 1998, katika upaukaji wa kwanza wa dunia nzima, Bahari ya Hindi ilipopata joto la El Niño, visiwa vya ndani vya Shelisheli vilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai. Tarehe 15 Aprili 2024 ilitangazwa kwamba dunia imo katika upaukaji wa nne wa matumbawe wa dunia nzima. Kati ya wa kwanza na wa nne, setilaiti zimekuwa bora mara nyingi. Lakini onyo linalofika kwa wanasayansi wa Maryland, Marekani, na Brisbane, Australia, na kwenye kompyuta yangu bila kumfika yule mama akiwa bado na siku za kuvuna, kwangu mimi bado halijafika.

Saa mbili na robo usiku

Natayarisha kipimajoto cha kesho, cha kisiwa cha Changuu. Mawingu yameanza kujikusanya upande wa bara; yakifunga usiku kucha setilaiti zinazosoma mionzi ya joto hazitauona uso wa bahari, lakini sitalalamika, maana mawingu hayo yatatupunguzia jua.

Naweka saa: 20:15. Nasoma tena kwa sauti, naandika kwenye utepe mweupe, nabandika.